Barua ya Wenye Migongo

Benchi letu lina miguu mitano, kwa sababu seremala aliyelitia mguu mpya hakuung'oa ule wa zamani. Liko kati ya kibanda changu cha kutengeneza saa na duka la kuchonga mihuri, nalo linatazama barabara. Nyuma yake, hatua mbili tu, ndipo lilipo jiko la Shangazi anayetuuzia kahawa. Hapo pana utaratibu ambao mgeni hauelewi siku ya kwanza: kahawa ikikuishia, hugeuki. Unainua kikombe juu ya bega, unaendelea na maneno yako, na kikombe kinarudi kimejaa. Mimi wananiita Dakika, kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya tabia yangu ya kuwaambia watu wamechelewa. Na Jumamosi ile tulikuwa tumechelewa kweli.

Jambo lenyewe lilimhusu mpwa wake Shangazi. Tulimbandika jina la Mkaa akiwa na miaka kumi, alipoletwa kulelewa hapa, maana mikono yake haikuwa ikitakata. Sasa ana ishirini na minne, amemaliza chuo cha sanaa, na amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili ng'ambo. Haikudondoka kutoka mbinguni. Miaka miwili amefundisha watoto kuchora asubuhi, ameandika mabango ya maduka mchana, mtihani wa lugha ameufanya mara mbili. Chuo kimemkubali. Kilichobaki ni ada na pa kulala, na hivyo vimo mikononi mwa mfuko mmoja wa wafadhili uliotaka kitu kimoja cha mwisho: barua ya watu wa mtaani kwake wanaoijua kazi yake. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi hiyo, saa kumi jioni. Bila barua hakuna ufadhili, na bila ufadhili nafasi anapewa mwingine.

Siku ya Alhamisi alituletea karatasi ya maelekezo na jalada kubwa la kadibodi lililofungwa kwa utepe. Akasema, "Wajomba, andikeni nyie. Hakuna wanaoijua kazi yangu kama nyie." Tukaona ni adabu tu ya mtoto aliyefunzwa akafunzika. Alhamisi yote tukabishana nani aweke sahihi kwanza. Ijumaa tukabishana kama barua ianze na salamu au na malalamiko. Jalada tuliliweka juu ya kreti mbele yetu, na kwa kweli lilitufaa sana kuwekea vikombe.

Jumamosi, saa nne asubuhi, karatasi ilikuwa bado nyeupe. Kalamu alikuwa nayo Profesa, ambaye alikuwa mtunza stoo wa chuo kabla ya kustaafu, na elimu ya juu anaifahamu kwa upande wa chaki na funguo.

— Miaka thelathini nimekaa chuoni, akasema. Barua ya kuomba msaada ni kilio. Msomaji asipotafuta leso, umekosea. Naandika: binti huyu ni yatima.

— Mama yake yuko hai, nikamwambia. Mwezi uliopita alikuja hapa, ukamwomba akusogezee kiti.

— Dakika, wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Huyu kalelewa na nani? Na shangazi. Basi mzazi wake hana kazi. Na mtu ambaye mzazi wake hana kazi ni nusu yatima. Naandika nusu.

— Yatima mzima au nusu, bila muhuri huo ni umbea tu, akasema Waziri.

Waziri hajawahi kuiona wizara. Ni mchonga mihuri, na jina alipewa kwa sababu vyeo vyote vya nchi viko kwenye droo yake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri mpya kabisa, akaupulizia pumzi na kuugonga kwenye kiganja chake tusome: Baraza la Benchi, Idara ya Sanaa.

— Idara ya Sanaa ina nani? nikauliza.

— Ina sisi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kuweka akiba.

— Nami naweka akiba ya vyeo. Vikihitajika, vipo.

Wa nne wetu ni Rada, mlinzi wa benki, ambaye kila akitoka zamu hupitia hapa kwanza ndipo aende kulala. Rada haamini kwamba kuna jambo linalotokea kwa sababu iliyotajwa.

— Nyie mnahangaika na yatima na mihuri, akasema, hamjiulizi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Huu ufadhili unaelea. Nani kauunda? Mtu atoe fedha zake amsomeshe mtoto wa mwenzie kuchora? Siyo udaktari. Kuchora.

— Kuna watu wanapenda picha, Rada, nikasema.

— Miaka kumi na moja nimesimama mlango wa benki, sijaona mtu akitoa pesa kwa kupenda. Sikilizeni. Kule watu wamezoea kutazama simu tu, hakuna tena anayeweza kukumbuka sura ya mwenzake. Sasa wanatafuta wenye macho. Mkaa watamweka uwanja wa ndege, kazi yake kumtazama kila anayepita na kumchora. Kamera unaidanganya kwa miwani. Mkaa utamdanganya na nini?

— Hapo umenena, akasema Profesa, ambaye hapendi mtu mwingine awe na wazo kubwa kuliko lake. Na akishaichora dunia nzima hawawezi kumrudisha. Atakuwa anajua mno. Ndiyo maana nasema tuandike kabisa kwamba atarudi.

— Ukiandika atarudi, hawampi, akasema Rada. Watamtumiaje akirudi?

— Tusipoandika, wataona anakimbia kwao.

Waziri akafikiri sana.

— Tuandike atarudi, akasema, lakini kwa penseli.

Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi kuliko wote. Ndipo nikasikia nyuma yetu kijiko cha Shangazi kimeacha kugonga birika. Sikugeuka. Sisi hatugeuki.

— Msiandike atarudi, akasema Shangazi, na msiandike hatarudi. Hilo si lenu, na wala si langu. Andikeni kwamba anajua kuchora.

— Hilo linajulikana, Shangazi, akasema Profesa. Kinachojulikana hakiandikwi.

Kijiko kikaanza tena kugonga birika. Nilimwonea huruma, kisha nikainua kikombe changu juu ya bega, kikarudi kimejaa.

Saa tano ikapita. Akaja mama mmoja aliyevaa sare ya uuguzi, amekumbatia saa ya ukutani iliyoviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa ya wodi ya wazazi, akasema, na tangu jana watoto wote wanazaliwa saa mbili na dakika kumi. Nikamwambia asubiri kidogo tunamalizia barua. Benchi lilikuwa limejaa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele yetu, anatutazama usoni. Akatafuta pa kuiweka saa. Akaviondoa vikombe juu ya jalada kimoja kimoja, akaona duara za kahawa zilizoachwa pale, kama kumi hivi.

— Hili jalada ni la nani? Limelowa.

Tukamweleza wote kwa pamoja: ufadhili, barua, nusu yatima, uwanja wa ndege. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuwasikiliza wagonjwa.

— Kwa hiyo humu ndimo zilimo picha zake.

— Ndimo.

— Zikoje?

Profesa akakohoa. Akasema kazi ya kiwango kile haisimuliwi kwa mdomo. Waziri akaufuta muhuri wake ambao haukuwa na vumbi. Muuguzi alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akaufungua utepe.

Zilikuwa ishirini, za mkaa, kwenye karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa. Aliinua ya kwanza, akaitazama, akatutazama sisi. Akainua ya pili, ya tatu. Kisha akasimama, akazunguka benchi, akaenda akasimama karibu na jiko kama mtu anayehakikisha anwani. Aliporudi aliketi tena kwenye ndoo yake.

— Mbona wote mmechorwa migongo?

Akazigeuza tuzione. Ile ilikuwa shingo ya Profesa, na mikunjo yake miwili, na lebo ya shati imetokeza nje kama kawaida yake ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Yale yalikuwa masikio ya Waziri, jua likipita ndani yake. Yule alikuwa Rada, kofia imekaa sawasawa, lakini mabega yameanguka, mabega ya mtu aliyesimama usiku kucha na anayeamini kwamba hapa hakuna anayemtazama. Karibu kila picha ilikuwa na mkono wa mtu ulioinuliwa na kikombe juu ya bega. Na yule aliyeinamia upande wa kushoto, upande wa jicho ninaloweka lenzi, alikuwa mimi. Sikuwa nikijua kwamba nimepinda.

Kila picha ilikuwa na tarehe pembeni. Moja ilikuwa ya mwaka aliofariki mke wangu. Humo kichwa changu kiko chini kuliko mabega, na wale wengine watatu wamejisogeza mpaka ncha ya benchi ili nipate nafasi. Mwaka ule nilidhani nilijikaza, na nilidhani hakuna aliyesogea. Macho yaliniuma, nikawaambia ni moshi wa jiko.

Swali la muuguzi lilikuwa bado lipo pale. Rada, mwenye jibu la kila kitu tangu bei ya sukari mpaka kupatwa kwa jua, aliichukua picha yake, akaipindua kuona kama uso uko nyuma ya karatasi. Waziri, kwa mazoea tu, akainua kikombe juu ya bega. Hakikupokelewa. Akakiacha kule juu, na mwishowe ikambidi ageuke. Sote tukageuka.

Shangazi alikuwa amelipindua birika mdomo chini.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Na pembeni yake, kwenye kigoda, mbele ya beseni la vikombe, alikuwa ameketi Mkaa. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma tangu asubuhi kama Jumamosi zote, kumsaidia shangazi yake. Ya uyatima aliyasikia. Ya uwanja wa ndege aliyasikia. Mikono ilikuwa kwenye povu, na hata humo kucha zake zilikuwa nyeusi. Miaka kumi na minne nilidhani weusi ule ni wa kuwasha jiko. Kumbe alikuwa akiokota vipande vilivyozimika, na kuvifanyia kazi hatua mbili kutoka kwenye visogo vyetu.

— Mwanangu, nikamwambia, mbona migongo?

Alifikiri kwanza. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

— Ndivyo mnavyoonekana kutoka hapa, Mjomba.

Niliona aibu, naisema wazi. Nikamwambia Profesa alete kalamu. Akanipa. Nikasema benchi ligeuzwe kwanza, tukalinyanyua wote wanne, mguu wa tano ukakwama kwenye jiwe, muuguzi akatusaidia kuuchomoa. Tukaketi tumemwelekea. Alishindwa pa kuyaweka macho yake, nasi yetu. Rada akaivua kofia. Barua niliandika mimi, wengine wakisema polepole, na haikuchukua hata robo saa:

"Sisi tulioweka sahihi ndio wenye migongo iliyomo kwenye picha hizi. Ni migongo yetu kweli. Binti huyu si yatima. Amekaa nyuma yetu miaka kumi na minne akiosha vikombe, na hatukuwahi kugeuka kumtazama. Leo tumeziona picha zake kwa mara ya kwanza, na kila mmoja amekuta jambo lake ambalo hakumwambia mtu. Madoa ya kahawa kwenye jalada ni yetu, si yake. Mtu akiweza kuona hivyo kutoka nyuma, sisi tungependa asogee mbele."

Waziri aliisoma mara mbili. Kisha akamwuliza Mkaa, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama muhuri utaharibu.

— Gonga tu, Mjomba, akasema Mkaa. Nao ni kazi ya mkono.

Akaugonga kwa uangalifu, chini, pembeni. Barua ikaskaniwa pamoja na picha na jalada dukani kwa Waziri, ikatumwa saa saba kasoro dakika tano. Majibu ni baada ya miezi miwili, na mimi ambaye huhesabu kila kitu nimeamua kutoihesabu hiyo. Muuguzi alikuwa bado na saa yake mapajani. Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha, akasema watoto hawatajali.

Mkaa aliondoka kwenda kuandika bango la duka. Shangazi akaja akaketi benchini, mara ya kwanza tangu nimjue, akalitazama jiko lake kwa upande wetu.

— Akienda, akasema, hivi vikombe ni vingi.

Tukasubiri Profesa aseme kitu, maana methali ziko kwake. Akakitazama kikombe chake. Nikachukua kikombe changu, nikaenda kwenye beseni, nikakunja mikono ya shati. Maji yalikuwa yameshapoa. Nilipokuwa nasugua nikasikia mguu wa tano wa benchi umegonga chini mtu alipoinuka, na Profesa akaja na kikombe chake.