Emanikor na Seva Iliyoachwa Imezimwa

Emanikor Ereng anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Julai, baada ya kutumikia kliniki zetu za Lodwar na Kakuma kwa miaka ishirini na sita. Mimi Akeno wa jikoni nilidhani ni utani. Mtu ambaye hata Krismasi ilimkuta humu na nyaya zake, anaenda wapi? Mpaka sasa sijaamini.

Alianza kwa kuchunga jenereta. Kompyuta zikaletwa, akazishika, na majivuno yakaanzia hapo. Anaongea sana, huyu. Lakini kazi aliifanya. Ndiye aliyepanga zile seva zetu ambazo huwezi kuzigusa kwa mkono, kwa sababu ni mashine zinazokaa ndani ya mashine nyingine. Siku niliyoambiwa hivyo niliweka sufuria chini. Akaziunganisha ziwe na mafaili yaleyale: daktari akiandika kitu Lodwar, Kakuma wanakiona. Mgonjwa akitoka Kalokol akahamia Kakuma, haulizwi upya anameza dawa gani.

Sasa sikieni mshtuko wenyewe. Mwaka jana Emanikor alikuwa akifuta mafaili ya zamani hapa Lodwar, akafuta na ya wagonjwa wa kifua kikuu, watu walio katikati ya dawa! Hakujali. Alisema nakala iko Kakuma. Kufungua ya Kakuma, hakuna kitu. Seva zile zina utii wa kupita kiasi: ukiongeza hapa zinaongeza kule, na ukifuta hapa zinafuta kule. Aliyezifundisha ni yeye, na aliyesahau ni yeye. Nilimkuta ameshika kichwa, maneno yote yamemwisha, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ilibaki seva moja tu yenye mafaili hayo huko Kakuma, ambayo Sahro, fundi wa huko, alikuwa ameizima kwa sababu ya joto. Na asubuhi hiyohiyo Emanikor alikuwa amemgombeza kwenye simu aiwashe haraka. Ikiwashwa ingefuata wenzake, ifute kila kitu. Akampigia amzuie, simu haishiki. Nikamwambia wacha kulia, mzee mzima wewe. Nikampigia Monique, mpishi mwenzangu wa Kakuma, ambaye ana laini ya kampuni nyingine, nikamwambia akimbie amshike Sahro mkono, maelezo baadaye. Monique alikimbia na mwiko wake wa ugali, akamkuta Sahro amekaa mbele ya kompyuta, kidole tayari. Sahro anasema alidhani mama wa watu amepandwa na wazimu.

Emanikor akapanda gari mpaka Kakuma. Akaitenga ile seva isizungumze na wenzake, ndipo akaiwasha na kutoa mafaili yote. Hakuna mgonjwa aliyekosa dawa.

Wakubwa walipokuja, walitaka Sahro apewe onyo kwa kuzima seva bila ruhusa. Emanikor akasimama mbele ya watu wote akasema aliyefuta ni yeye, na huyu dada wasimguse, kwa sababu bila yeye wangekuwa wanawatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba mpaka Todonyang, kule mpakani. Emanikor huyu wa majivuno! Nilikuwa na birika mkononi, nikamwaga chai mezani. Tangu siku hiyo anaweka nakala nyingine pembeni, isiyofuata seva yoyote. Na Sahro ndiye anayeshika nafasi yake.

Adome, mvuvi wa Kalokol ambaye jina lake lilifutwa pamoja na wale wengine, alimaliza dawa na amepona. Ameleta samaki wa sherehe hii. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, akauliza ina maana alikufa kwenye mashine na hata mbuzi hakuchinjwa.

Emanikor, asante. Nenda kwako Kanamkemer ukapumzike, uzeeke polepole, na Mungu akupe afya. Samaki nimewakaanga mwenyewe. Adome amesema yule mkubwa ni wako, na nitamwona atakayemgusa.