Fundi Anyelwisye na Ukuta wa Nyumba ya Juu

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, Fundi Anyelwisye Mwambungu anakabidhi funguo za karakana na kustaafu, baada ya miaka thelathini na saba ya kujenga na kukarabati majengo ya shamba letu la chai. Aliingia mwaka 1987 akiwa kibarua wa kubeba tofali. Anaondoka akiwa fundi mkuu, na hakuna paa hapa ambalo hajalipanda, mvua ikinyesha au ikijiandaa kunyesha, maana kwetu Tukuyu hali ni hizo mbili tu.

Wengi wanamjua kwa ubishi wake. Aliwahi kurudisha lori zima la mbao kwa sababu mbili zilikuwa mbichi, na mimi mtunza ghala ndiye niliyetumwa kumweleza dereva. Kofia yake ya sufu haivuliwi kazini, hata siku ya kupiga picha za vitambulisho ilikuwa vita. Lakini nitasimulia kazi moja tu, ile ya mwisho.

Nyumba ya Juu ni ya zamani kuliko sisi sote, tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Uongozi ulikubali ikarabatiwe iwe mahali pa kulelea watoto wa wachumaji chai, ambao walikuwa wakishinda mashambani migongoni mwa mama zao. Sharti lilikuwa moja: mhandisi aipitishe kabla ya mwisho wa Oktoba, la sivyo ibomolewe.

Mhandisi aliyeletwa ni Sekela, mke wa Gwamaka, mtoto wa kwanza wa Fundi. Wanyakyusa wenzangu wameshaona tatizo. Kwa wageni: kwa mila yetu, baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawasemezani, wala hawagusani. Vijana wengi wameiacha, Fundi hajaiacha. Basi Sekela akiingia mlango wa mbele, Fundi anatokea wa jikoni kwenda kusubiri migombani, na mimi nakuwa mjumbe kati yao. Wiki ya kwanza nilicheka sana.

Kicheko kiliisha siku plasta ya ukuta wa jikoni ilipobanduliwa. Ilikuwa ya simenti, nayo ilikuwa imefungia unyevu ndani hadi udongo ukawa uji na ukuta ukafura. Fundi alichota udongo ule kwa kidole. Kisha akaniambia kwamba plasta ile aliipiga mwenyewe mwaka 1994. Alikwangua chokaa yote ya zamani kwa sababu simenti ilionekana ya kisasa, na akasifiwa. Akauegemeza ukuta kwa mirunda mitatu, nguzo za miti, akarudi kazini bila kula.

Asubuhi ya tarehe 10 Oktoba Sekela alikuja kupima. Kabla ya kwenda migombani, Fundi aliniagiza nimwambie mhandisi mrunda wa mlangoni usiguswe, kwani ndio uliobeba lenta, boriti ya juu ya mlango. Nilikuwa njiani kumwambia, simu ikaita. Ilikuwa habari ya misumari. Nikasimama kuongea. Natubu hapa mbele ya wafanyakazi wote.

Sekela alihitaji nafasi ya kupima, akamwomba fundi Boniface ausogeze mrunda ule kidogo. Nyundo iligonga mara mbili. Kule migombani mtu alianza kukimbia, na nikasikia sauti ikiita jina ambalo haikuwahi kuliita.

"Sekela! Acheni huo mrunda! Toka, mwanangu, toka!"

Aliingia, akamshika mkono, akamvuta nje, Boniface akiwafuata nyuma. Lenta ikashuka na tofali zake palepale Sekela alipokuwa amesimama.

Fundi aliuachia mkono ule, akavua kofia, akafunika nayo uso, akaondoka. Siku mbili hakuja kazini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sekela naye aliondoka, na uamuzi wa kuibomoa nyumba ulikuwa mikononi mwake. Niliogopa sana. Kwa simu moja niliona nimewanyima watoto nyumba na kuvuruga familia ya watu.

Siku ya tatu Fundi alirudi na barua ya kumpelekea mhandisi. Ilisema plasta ile ni yake, ya mwaka 1994, na nyumba yenyewe haina kosa. Sekela alijibu kwa ripoti: ukuta ujengwe upya, upakwe chokaa, muda uongezwe wiki nne. Uongozi ukakubali.

Tarehe 15 Novemba mirunda iliondolewa, Fundi mwenyewe akiwa amesimama chini ya lenta mpya na Sekela akitazama dirishani kutoka nje. Wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka. Wa tatu nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Fundi alikuwa anajitoa chokaa kwenye kucha, na Sekela ameinamia karatasi akitia saini. Leo watoto thelathini na wawili wanalala mchana ndani ya nyumba ile.

Nilipopanga ratiba ya sherehe, nilimwekea Sekela kiti upande wa pili wa ukumbi, karibu na mlango wake. Fundi akaisoma, akaniomba kalamu, akaandika kwamba zawadi ya Idara ataipokea kutoka kwa mhandisi, mkono kwa mkono. Alisema mkono ule ameshaushika.

Ndaga fijo, asante sana, Fundi. Huko Kyimo unakokwenda kupumzika tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na paa lisilovuja. Ujumbe wako kwa mhandisi safari hii nimeufikisha mapema, na simu nimeiacha ghalani.

Joyce, mtunza ghala, Idara ya Majengo