Mama Fuatino na Kengele ya Tatu

Marehemu Fuatino Leavai alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 kijijini Fagamalo, kisiwani Savai'i, Samoa, mtoto wa tano wa shemasi Tavita na mkewe Salote. Inasemekana alilia kwa sauti kuishinda kengele ya kanisa, na sauti hiyo hakuipunguza hadi mwisho.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaanza sekondari na kuishia katikati, tabia ambayo baadhi yetu tumeirithi. Alishona nguo sokoni Salelologa kwa miaka mingi. Mwaka 1981 alifunga ndoa na mzee Iosua, mwimba besi wa kwaya, ambaye tangu siku hiyo hakupata nafasi ya kumaliza sentensi.

Mwaka 2012 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alipasuliwa Apia, akapona, akaambiwa ameze kidonge kila siku kwa miaka kumi. Vidonge vilimpandisha joto, vikamuuma viungo, vikamtia huzuni isiyo na sababu. Watu wakamwambia ashukuru, si amepona?

Mwaka 2017 jirani yetu Peleiupu, tunayemwita Pele, alipewa vidonge vilevile. Haikupita miezi mingi akataka kuviacha, ingawa daktari alimwonya kwamba ugonjwa unaweza kurudi. Marehemu akamwita barazani. Hapa kijijini kila jioni kengele ya sala hulia mara tatu: ya kwanza huturudisha nyumbani, ya pili hutusalisha, ya tatu hutuachilia.

"Ya tatu ikilia, njoo na kidonge chako," alimwambia. "Lalamika mpaka magimbi yaive. Atakayekwambia ushukuru, namchapa ndala."

"Na wewe, dada, utalalamikia nini?"

"Iosua. Vidonge baadaye."

Vyake viliisha mwaka 2022. Kuanzia hapo alimeza mbegu ya papai kila jioni, ili Pele asimeze peke yake.

Jumapili tarehe 9 Juni 2024 moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Alikwisha kuagiza azikwe hapa mbele ya nyumba, upande wa baraza, asipitwe na malalamiko.

Jana kengele ya tatu ilipolia, Pele alikuja akakaa, kidonge kimefumbatwa mkononi. Alisema hana tena wa kumlalamikia, heri aache. Mzee Iosua aliingia jikoni, akatoka na papai na kisu.

"Haya, Pele, anza wewe," alisema. "Mimi nina malalamiko ya miaka arobaini na mitatu."

Pele akacheka huku analia, akameza. Mzee naye akameza mbegu yake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Vaiola na Setu, wajukuu sita, na Pele, aliyebakiza miaka mitatu ya vidonge. Apumzike kwa amani, mahali penye upepo.