Injinia Alipoteleza Bafuni

Kijiwe cha Kilakala kiko pale barabara inapoanza kupanda mlima: benchi moja la mbao, jiko la mkaa na birika la Mikidadi, ambaye wateja humwita Daktari kwa sababu kila ugonjwa anautibu kwa kahawa. Asubuhi hiyo Mzee Stambuli alirudi kijiweni baada ya wiki mbili, mkongojo mkononi. Injinia, kama wanavyomwita tangu alipostaafu ufundi mitambo, anaishi peke yake nyumba ya tatu kutoka kwenye benchi. Aliteleza bafuni saa moja asubuhi, akaumia nyonga, akalala sakafuni akigonga ndoo mpaka saa sita mchana, komeo limefungwa kwa ndani. Alihofu watamcheka. Kumbe walikuwa wamemngoja kwa hamu.

— Ulitanguliza mguu gani? — aliuliza Daktari kabla hata hajammiminia kahawa.

— Wa kulia.

— Si ndiyo hapo! Bafuni unaingia na wa kushoto, Injinia.

— Mguu umeonewa bure, — alidakia Ignas, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimwi. — Kosa ni la sabuni. Za siku hizi zina mafuta kuliko kitumbua. Ulikuwa umeshaoga?

— Hata kopo la kwanza sikujimwagia.

— Unaona? Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wewe ulivua, hukuoga, maji yakakasirika.

Stambuli alicheka mpaka nyonga ikamtia adabu.

— Na simu? — Daktari aliuliza.

— Sebuleni, inachaji.

— Basi simu haina msaada. Dawa ni jogoo. Mfunge mlangoni mwa bafu, ukianguka tu, anawika.

— Atajuaje nimeanguka, sijainama kuokota sabuni?

— Jogoo wa mlimani ana akili, bwana.

— Jogoo ataliwa sikukuu, — Redio alikata. — Sikilizeni. Kamba! Ncha moja kiunoni kwa Injinia, nyingine hapa kwenye benchi. Kila robo saa tunavuta. Akivuta na yeye, mzima. Asipovuta, mbio!

— Mkinivuta nina povu machoni?

— Unakuja na povu lako. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakiwa katikati ya ubishi wa kamba, akatokea Josephina akishuka mlimani na kapu la karoti kichwani. Ndiye aliyemwokoa Stambuli: alipenyeza kisu chake cha mboga kwenye mwanya wa mlango wa bafu, akasukuma komeo, akamfunika kwa kanga huku amegeuza uso. Tangu siku hiyo Stambuli akimwona, aibu na shukrani humjia kwa pamoja.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Hebu tuamulie, — Redio alisema. — Jogoo au kamba?

Wakamweleza yote. Josephina akatua kapu.

— Mimi ndoo ya babu niliisikia toka kule juu njiani. Alikuwa anaigonga kweli kweli. Nyie mliokaa hapa hamkuisikia?

— Tuliisikia, — Daktari alikiri. — Redio akasema ni fundi bati.

— Na wewe ukasema ni ngoma ya mwali! — Redio alijitetea. — Tukabishana mpaka mchana.

— Sasa, wazee wangu, mbona hakuinuka hata mmoja kwenda kuangalia?

Daktari akashughulika na vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Stambuli hakuwa akilijua hilo. Pale sakafuni aliwasikia wakicheka, akadhani ndoo yake haifiki. Hasira zikampanda. Kisha akakumbuka kwamba miaka kumi na moja amekunywa nao kahawa, na hata siku moja hajamkaribisha mmoja wao ndani. Wangejuaje kwamba ile sauti inatoka kwake?

Daktari akalitikisa birika. Kahawa imekwisha. Hakulijaza, alijifuta mikono kwenye shati.

— Injinia, kwako sijawahi kuingia. Twende ukatuonyeshe hilo bafu.

Wakaenda. Daktari alisugua utelezi kwa mchanga na ufagio mpaka jasho likamtoka. Redio aling'oa komeo kwa bisibisi ya mwenye nyumba, akilitukana kana kwamba ni mtu. Stambuli alikaa kwenye kigoda akiwakosoa wote wawili, moyo mwepesi.

Kesho yake saa moja asubuhi, kabla hajavaa viatu, alisikia hodi. Alipokawia kidogo kujibu, nje zikaanza sauti mbili, zikibishana nani aubomoe mlango.