Kikaratasi cha Alhamisi: Maisha ya Mwalimu Kidawa Usi

Jumapili ya tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi alasiri, katika nyumba yao ya Michenzani, Mwalimu Kidawa Usi Ame aliletewa bakuli la uji wa mchele na mumewe, akaonja kijiko kimoja, akakiweka, akasema, "Baba Fathiya, miaka thelathini unapima viwanja vya watu, chumvi ya uji ikakushinda," kisha akataka aletewe kikapu chake cha ukili kilichokuwa kikining'inia nyuma ya mlango, akatoa ndani yake kikaratasi kimoja kilichokunjwa mara nne, akampa, akasema, "Hiki hakijajibiwa." Mumewe alikitia mfukoni, akaenda jikoni kuuongeza uji maji, na hilo ndilo jambo la kawaida la mwisho lililotokea baina yao.

Historia hii imeandikwa na mumewe huyo, Ayoub Bakar, mpima ardhi mstaafu, na inasomwa kwenu leo Alhamisi, siku ya hitma ya kumwombea, na Masoud Usi, kaka mkubwa wa marehemu.

Marehemu alizaliwa Paje tarehe 4 Juni 1970, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Usi Ame, mkulima wa muhogo, na Bi Ummkulthum, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kupanda mwani katika pwani ile. Alianza skuli ya Paje mwaka 1977, akawa wa kwanza darasani kila mwaka, na kwa sababu hiyo wenzake walizoea kumuuliza kila jambo, la vitabuni na lisilo la vitabuni. Mwaka 1986 rafiki yake, Mwanapili, waliyekaa naye dawati moja, alimuuliza kama ni kweli kuwa mara ya kwanza mimba haishiki, naye, aliyekuwa na miaka kumi na sita na hajawahi kufundishwa jambo hilo na mtu yeyote, akajibu kuwa ni kweli, kwa kuwa ndivyo alivyowasikia wasichana wakubwa wakisema kisimani, na kwa kuwa hakuzoea kusema sijui. Mwanapili alifariki akijifungua, mwezi wa Machi 1987, na mtoto hakuishi. Kidawa alimweleza mumewe habari hii mara moja tu katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao, lakini mwezi wa Machi alikuwa haimbi jikoni.

Baada ya msiba huo hakutaka kubaki Paje, akahamia Mji Mkongwe kwa kaka yake Masoud, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na akiishi chumba kimoja mtaa wa Malindi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, akaingia chuo cha ualimu, na Januari 1992 akaanza kufundisha Baiolojia katika skuli ya sekondari ya hapa mjini, kazi aliyoifanya hadi alipoishiwa na nguvu. Mwaka 2008 alipata shahada ya ualimu, akiisoma jioni, na watoto wawili nyumbani. Aliolewa na Ayoub Bakar siku ya Ijumaa, tarehe 17 Disemba 1993, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku Fathiya mwaka 1995 na Yussuf mwaka 1999.

Kila Alhamisi, baada ya vipindi, alibaki na wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, wasichana saa yao na wavulana saa yao, akawafundisha habari za miili yao, za mimba na jinsi inavyozuilika, za maradhi ya zinaa, za kukataa na za kulazimishwa na mahali pa kukimbilia. Hakumwambia mtoto aamue nini, alimpa anachohitaji kukijua, akamwambia dini yake inasema nini na daktari anasema nini, akamwacha afikiri. Kila mwanafunzi alipewa kikaratasi, na kila mmoja alilazimika kuandika, mwenye swali swali lake, asiye na swali aandike jina la mboga, ili kalamu zote ziende na asijulikane aliyeuliza, kisha vyote vikatiwa ndani ya kikapu cha ukili, akavisoma kimoja kimoja kwa sauti, bamia, mchicha, mwalimu nikikojoa nikaumwa ni maradhi, bilingani. Watoto walicheka kwenye mboga na kunyamaza kwenye maswali. Kanuni yake ilikuwa moja, asilolijua alisema mbele yao, "Hili silijui, nitakujibu Alhamisi ijayo," na Alhamisi ijayo alijibu.

Mwaka 2009 wazazi walimshitaki kwa mwalimu mkuu, na katika kikao mzazi mmoja alimwambia, "Mwalimu, hayo yana masomo wake, wanawake watu wazima wa kumfunda mwari, wewe kasomeshe mapafu," naye akamjibu, "Naam, na somo akija wiki ya harusi akamkuta mwari keshazaa, amfunde nini?" Baadhi walicheka, wengi hawakucheka, na alizuiwa kufundisha Alhamisi kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo wasichana watatu wa skuli hiyo waliacha masomo kwa mimba, mwalimu mkuu akamrejeshea Alhamisi zake bila ya barua.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa wasichana mwaka 2018, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi, na kila mama aliyemkuta alimwambia naye pia akapimwe, akampa jina la Bashira, muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mumewe alihesabu akina mama hamsini na tatu waliopelekwa na marehemu, ambao yeye alikuja kuwajua kwa majina. Wa hamsini na nne angekuwa marehemu mwenyewe, lakini alisema kwa kicheko, "Nikavuliwe nguo na mtoto niliyemfinya masikio?" Hatimaye mumewe alimfikisha mlangoni kwa gari, Julai 2019, akamngojea nje, marehemu akakaa ndani nusu saa, akatoka, akasema, "Tayari." Mumewe hakuuliza tayari nini. Miaka mitano baadaye Bashira ndiye aliyemwambia, huku akilia, kuwa siku ile walizungumza habari za skuli na kunywa chai, kwamba yeye naye aliona haya kumwambia mwalimu wake apande kitandani. Mtu anayefanya kazi ya kupima alipaswa kuuliza, na mumewe anaandika hapa kuwa hakuuliza.

Februari 2024 marehemu alianza kutokwa na damu, naye alikuwa ameshakoma hedhi miaka mitatu, akakaa kimya hadi Juni. Alithibitishiwa ugonjwa tarehe 11 Julai 2024, akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi na dawa, akarejea Aprili 2025 akiwa na nafuu, na mwezi wa Agosti maradhi yakarudi, safari hii na mgongoni. Alhamisi ya tarehe 18 Septemba alikwenda skuli kwa mara ya mwisho, ameshikwa mkono na Fathiya, akafundisha akiwa amekaa, na katika kikapu akakuta kikaratasi kilichoandikwa, "Mwalimu unaumwa nini?" Akakisoma kwa sauti, kama alivyovisoma vyote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akasema atajibu Alhamisi ijayo jambo analolijua. Hakurudi tena. Kikaratasi hicho ndicho alichompa mumewe Jumapili. Alifariki siku ya pili yake, Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, baada ya sala ya alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitano, akazikwa Mwanakwerekwe alasiri ya siku hiyo.

Jioni baada ya maziko, Masoud alimwomba mume wa marehemu aandike kuwa dada yake aliugua kwa muda mrefu, basi, akisema, "Watu wataelewa, Ayoub. Ukiitaja sehemu hiyo, utakuwa unamvua nguo mbele ya umma." Mumewe hakubishana naye, alimpa kikaratasi akisome, na Masoud akakisoma, akakirudisha, akaondoka bila ya kuaga.

Basi mwanafunzi uliyeuliza, ambaye hatukujui na hatutaki kukujua, jibu lako ni hili. Mwalimu wako aliumwa saratani ya mlango wa kizazi. Huletwa na kirusi kinachopita baina ya mume na mke kama kinavyopita kwa wasiooana, mtu hukaa nacho miaka bila ya kujua, si alama ya uhuni, kina chanjo, na maradhi yenyewe yakionekana mapema hutibika. Yeye aliyajua yote hayo, akaona haya, akachelewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Unguja na Dar es Salaam, Bashira miongoni mwao, ambaye alimwosha na kumgeuza kitandani kwa wiki sita bila ya kuombwa, majirani wa Michenzani waliobeba maji kila maji yalipokatika, walimu wenzake, wanafunzi wake, na watu wa Paje waliokuja kabla ya kuitwa.

Asubuhi ya Jumanne, siku iliyofuata maziko, mumewe aliamka, akapika uji, akautia chumvi kidogo, akala na binti yake, kisha akamchukua Fathiya hadi kituo cha afya, akakaa kwenye benchi la nje, mwanamume peke yake, kwa kuwa safari hii alikusudia kuuliza. Saa tatu gari la Masoud lilisimama mbele ya lango, akashuka mkewe, Salhiya, akaingia ndani, na Masoud akabaki garini na vioo vimefungwa. Fathiya alipotoka alisema, "Tayari, Baba," na mumewe akauliza, "Tayari nini, mwanangu?" naye akajibu, "Nimepimwa, sina kitu." Mumewe akaenda kugonga kioo cha gari, Masoud akakishusha, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe hiyo karatasi ya historia yake, nitaisoma mimi siku ya hitma."

Mwalimu Kidawa, Mola akulaze pahala pema. Alhamisi yako imefika.