Bi Odile na Simu za Mashine

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya matengenezo ya kiwanda chetu hapa Oyonnax, Bi Odile Perrachon anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni.

Alikuja enzi tukitengeneza vitana, na mashine ikichoka tulijua pale tu ilipotema vitana vyenye mapengo. Kisha tukaingia kwenye vipuri vya magari, na plastiki yake ina nyuzi za kioo zinazokisaga chuma cha ndani ya mashine kama msasa. Odile ndiye aliyemkaba koo mkurugenzi mpaka vihisi vikanunuliwa: vidude vya kubandika kwenye mashine, vinavyopima mtetemo na joto na kutuma ujumbe kwenye simu ya fundi kabla chuma hakijaisha.

Wiki ya kwanza ya vihisi, mashine namba nne ilipiga kelele kwenye simu kila asubuhi kwamba joto limezidi. Odile akaifungua, akaifunga, akanuna. Mwishowe akakuta jibini limeyeyukia juu ya kihisi. Yunus wa zamu ya asubuhi alikuwa akipasha mkate wake pale.

"Nani kailisha mashine jibini?"

"Nayo inaamka mapema, dada," Yunus akamjibu. "Ulitaka ishinde na njaa?"

Odile alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alituchomelea bamba la kupashia mikate, mbali na vihisi vyake, na tunalitumia hadi leo.

Tangu vihisi vianze kazi, hakuna mashine iliyotuangusha katikati ya oda, na sifa ni zake. Lakini tuseme ukweli. Tangu mumewe, Bernard, afariki, simu ya Odile imekuwa ikiita zaidi kwa mashine kuliko kwa watu. Jumapili, namba nne ikilalamika joto, alikuwa akivaa koti na kuja, hata kwa jambo ambalo lingeweza kusubiri Jumatatu. Tulimtania kwamba ana mchumba wa chuma. Hakukasirika.

Mwezi uliopita aliomba kwamba, akistaafu, aachiwe kwenye simu yake ujumbe wa namba nne tu.

"Sitagusa kitu, bosi. Nijue tu inaendeleaje."

Mkurugenzi alikataa kwa upole, kwa kuwa habari za kiwanda hazitoki nje. Kazi ya kuifuta namba yake ya simu kwenye mfumo wa vihisi nikapewa mimi ninayeshika nafasi yake. Nimeifuta leo asubuhi, na imeniuma. Hajaondoka bado, na karakana naiona kubwa mno.

Bi Odile, ahsante kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na bustani isiyokuchosha. Jumapili hii mashine hazitakutafuta. Simu ikiita, pokea. Hakuna kilichoharibika, ni sisi tu, tumekukumbuka.