Mikono Iliyonyooshwa kwa Mwekezaji

METHOD: Haloo! Nani mwenzangu?

MWANDU: Shemeji yako, Mwandu. Nakusalimu, mwadila.

METHOD: Aa, mwadila, shemeji! Generoza hajambo, watoto nao—

MWANDU: Dada nitamsalimia baadaye. Tumerudishwa getini kiwandani. Mlinzi anasema ajira zimefungwa.

METHOD: Mtandao unakatakata...

MWANDU: Mimi nakusikia. Wewe ndiye meneja. Si uliniahidi wote tuliochambua pamba pale enzi za ushirika tunarudi mashineni?

METHOD: Nilisema mtafikiriwa—

MWANDU: Ulisema tunarudi! Ulikula ugali kwangu ukisema, “Simama mkutanoni, wewe wanakusikiliza.” Wanachama walishagoma kumpa mwekezaji kiwanda. Mimi ndiye niliyewageuza. Wakanyoosha mikono kwa neno langu, Method! Sasa huku wanasema nimehongwa.

METHOD: Shem, zama zile zimekwisha. Siku hizi ni wakala wa Mwanza, usaili, vijana wa mkataba—

MWANDU: Siku ile ulijua?

METHOD: [mkwaruzo] Haloo? Haloo?

MWANDU: Ulijua, au hukujua?

METHOD: ...Nilijua. Bila ile mikono na mimi umeneja ningeukosa. Ungefanyaje?

MWANDU: Ningekwambia! Umemuoa dada yangu, we mtu!

METHOD: Punguza hasira. Nitakutafutia kazi ya ulinzi, wewe peke yako. Hao wengine wadanganye tu kwamba majina yanakuja. Watachoka wenyewe.

MWANDU: [anavuta pumzi] Method, wamekusikia.

METHOD: Nani?

MWANDU: Wanachama. Wamejaa hapa uani kwangu. Simu anayo mwenyekiti Mahona, kaweka sauti kubwa. Nilitaka wasikie kwa mdomo wako kwamba sikula kitu.

METHOD: Umenifanyia hivyo? Mimi?

MWANDU: Waambie basi. Waambie sikula.

METHOD: Haya. Wazee, shikamooni! Huyo Mwandu asijifanye malaika. Muulizeni: yule mtamba mwekundu zizini kwake, nilimleta wiki ya mkutano kwa kazi gani?

MWANDU: We! Huyo ni wa mahari! Mahari ya Generoza uliyokuwa hujamaliza!

METHOD: Muulizeni vizuri. Naingia kikaoni, kwaherini wazee.

MWANDU: Method! Usikate! Sema ukweli, Method— Haloo? Haloo! [simu imekatwa] Mzee Mahona, ni mahari, wallahi ni mahari. Ngassa, jirani yangu, wewe si ulikuwepo alipomleta? Jamani, kaeni kwanza. Mbona mnainuka?